Kivuli Kisichozinduliwa

Haya yalitokea katika nchi yetu, ambayo kwa sasa haina jina. Jina tulikuwa nalo, tena zuri tu, ila Tume ya Jina la Taifa ililichukua kwenda kulikarabati miaka sita iliyopita na bado haijalirudisha. Tunaambiwa kazi inakwenda vizuri na wataalamu wamefika silabi ya pili. Ukitaka kutuandikia barua, andika tu "Kwenu". Itafika, kwa kuchelewa kule kule kwa siku zote.

Mimi naitwa Mfaume, karani wa daraja la tatu katika Wizara ya Vivuli, Upepo na Mapumziko. Nasema mapema nisije nikasingiziwa: naipenda serikali yangu. Wapo watu hapa mtaani ambao wakisikia king'ora cha msafara wanasonya. Mimi nikikisikia nasimama wima, hata kama naoga. Kwa hiyo jambo likikuchekesha humu, ujue kicheko ni chako. Mimi natoa taarifa.

Jirani zangu, tunaopakana kwa ua wa michongoma, ni Bi. Zamoyoni, mkunga mstaafu, na mumewe Mzee Chande. Huyu mzee alikuwa mpima hali ya hewa. Kwa miaka thelathini na moja alisimama juani kila siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, akilisoma jua kwa niaba ya serikali na kuliandika katika daftari. Daftari zikijaa zilipelekwa makao makuu, ambako kulikuwa na meza yenye mguu mfupi, nazo zilifaa sana. Mzee Chande aliimudu kazi yake mpaka ikafika hana haja ya kipimajoto. Anatoa mkono dirishani, anataja nyuzi, ukienda kupima unakuta ndizo hizo hizo.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakamkimbia, zikabaki namba. Ukimwambia, "Shikamoo, Mzee Chande," anakuitikia, "Thelathini na moja," na kweli joto la saa hiyo ndilo hilo. Daktari akamwita Bi. Zamoyoni pembeni akamwambia mgonjwa asilazwe ndani mchana kutwa. Akae nje, apate hewa, aone watu wanapita, ila jua lisimpige.

"Nikimwacha ndani?" aliuliza Bi. Zamoyoni.

"Ukimfungia ndani, mama, sioni kama mwaka huu tutauvuka naye."

Sasa nje kivuli hakuna. Kulikuwa na mwarobaini mkubwa mbele ya nyumba yao, lakini ulikatwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ili magari ya waheshimiwa waliokuja kupanda miti yapate pa kuegesha. Mche walioupanda ulikauka wiki ile ile. Kibao chenye majina yao kingali kimesimama, na kivuli chake kinamtosha kuku mmoja, akijikunja.

*

Bi. Zamoyoni hakulalamika. Alimwita Fundi Ngwale, seremala wa mtaani kwetu, akamwambia anataka pagola. Kama hujapata kuiona, pagola ni nguzo nne zilizolazwa miti juu yake kwa kuachiana nafasi. Haiezekwi. Unatambaza mmea pale juu, na mmea ndio unaofanya kazi ya bati, tena bila kelele mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimeegemea ua nasikiliza, maana kusikiliza ni sehemu ya kazi yetu.

"Mama, ziko za aina tatu," alisema Fundi Ngwale. "Iko ya chuma, iko ya mbao, iko ya mianzi. Ya chuma ni ya kudumu, wajukuu wataikuta. Lakini chuma kitakula hela yako yote, kisha kikutazame."

"Na mianzi?"

"Mianzi rahisi. Mwaka wa kwanza nzuri, mwaka wa pili mchwa, mwaka wa tatu unaikuta imemlalia mzee."

"Mzee wangu ameshaangukiwa na mengi, fundi. Niambie mbao."

Fundi akatoa futi yake na kamba. Alitaka kuiweka katikati ya bustani, penye mchicha, ionekane vizuri na wapita njia. Bi. Zamoyoni akamvuta shati, akampeleka pembeni, karibu na mlango wa jikoni. "Hapa. Nataka nikimtoa ndani iwe hatua sita, maana zaidi ya sita siwezi kumbeba. Na uso wake uangalie njia. Urembo wa nini?"

"Basi mita tatu kwa nne."

"Mita mbili na nusu kwa tatu. Sifanyi harusi humo."

Wakajumlisha palepale, juu ya kipande cha boksi: nguzo nne za mkaratusi, boriti, miti ya juu, misumari, dawa ya mchwa, saruji mifuko miwili na ufundi. Ikaja laki nne na themanini elfu. Bi. Zamoyoni alikuwa amepokea zamu yake ya upatu kutoka kwa wakunga wenzake, laki tano kamili. Ile ishirini iliyobaki akaitengea miche ya pasheni.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi naanza, mama. Jumapili jioni mzee anakaa."

Na kweli ingekuwa hivyo, kama si kosa moja la Bi. Zamoyoni. Alikwenda kuuliza.

Hapa kwetu hakuna anayeuliza. Bwana mmoja mtaa wa nyuma alijenga ghorofa mbili juu ya mfereji wa maji machafu bila kuuliza, na leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Lakini Bi. Zamoyoni alizalisha watoto zaidi ya elfu tatu wa nchi hii na kila mmoja alimwandikia tangazo la kizazi kwa mkono wake. Ni mwanamke wa karatasi. Aliniuliza ng'ambo ya ua, "Mfaume, mwanangu, hiki kitu kinataka kibali?"

Nilifurahi mno. Tangu wizara yetu ianzishwe hakuna mwananchi aliyewahi kuja kutuuliza lolote. Nikamwambia, "Mama, njoo kesho asubuhi, nitakuonyesha ofisi mwenyewe."

Nikikumbuka sasa, natamani siku ile ningekuwa na homa.

*

Alipokelewa na Bwana Nyagori, Mkurugenzi wa Vivuli Visivyo vya Asili. Bwana Nyagori alikipindua kile kipande cha boksi mara tatu.

"Ina paa?"

"Haina, baba."

"Ina kuta?"

"Haina."

"Basi hili si jengo."

"Ahsante sana. Kwa hiyo naweza kujenga."

"Mama!" Bwana Nyagori alishtuka. "Kitu ambacho si jengo unakijengaje?"

Bi. Zamoyoni alinitazama. Mimi nikatazama dari, ambalo lina doa linalofanana na ramani ya nchi yetu.

Likafuata suala la mpaka. Asubuhi jua likiwa mashariki, kivuli cha pagola kingeangukia magharibi, yaani upande wangu wa michongoma. Nililetewa Fomu ya Ridhaa ya Kupokea Kivuli cha Jirani, nakala nne, nikaahidi kwamba sitakitumia nje ya saa zilizoruhusiwa wala sitakikodisha. Nilisaini kwa moyo mkunjufu. Kisha likaja suala kubwa kuliko yote, nalo ni uzinduzi.

Labda wewe msomaji unatoka nchi ambayo vitu vinaanza tu. Kwetu kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja letu kubwa limezinduliwa mara tatu, na wananchi wanaendelea kuvuka kwa mtumbwi chini ya mabango yake. Mwaka wa mwisho wa Mzee Chande kazini, mvua za masika zilianza siku mbili kabla ya uzinduzi wa msimu, ikabidi zihesabiwe kuwa ni umande. Mzee ndiye aliyepewa barua ya onyo, kwa kuzipima. Anayetumia kitu kisichozinduliwa hutozwa faini, na kitu chenyewe hung'olewa.

"Lakini baba," alisema Bi. Zamoyoni, "ni nguzo nne tu. Mgonjwa anataka kukaa nje."

Bwana Nyagori alivua miwani taratibu. Alimwangalia mama wa watu kwa macho niliyokuwa nimeyaona mara moja tu, siku tulipopata mfadhili wa viyoyozi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "unajua kwamba wewe ni mradi?"

*

Ukaitwa Mradi wa Kitaifa wa Kivuli kwa Wote, Awamu ya Kwanza. Mimi ndiye niliyeipiga chapa bajeti yake, na najivunia kwamba haikuwa na kosa hata moja la herufi. Jumla ilikuwa milioni mia moja na kumi. Kulikuwa na semina ya siku nne ya kujengeana uwezo juu ya maana ya kivuli, iliyofanyika hotelini kando ya bwawa, chini ya miavuli. Kulikuwa na mshauri mwelekezi ambaye alilipwa ili aseme kivuli kiwe cheusi kiasi gani, naye akasema inategemea. Kulikuwa na fulana, kofia, na hema la chuma la kisasa kwa ajili ya siku ya uzinduzi.

Waheshimiwa kumi na wanne walikwenda nchi moja ya baridi kujifunza. Walirudi na makoti, pamoja na taarifa ya kurasa mbili iliyosema wenzetu wametuacha mbali: nchi nzima wameiweka kivulini, na jua hutolewa mara chache, tena kwa wageni.

Gharama ya kivuli chenyewe ilikuwa ukurasa wa kumi na moja, mstari wa mwisho. Laki nne na themanini elfu. Mbele yake palikuwa na maelezo madogo: *itatolewa na mnufaika, ili auone mradi kuwa ni wake.*

Bi. Zamoyoni alizileta fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Mimi ndiye niliyeandika stakabadhi. Alizihesabu mbele yangu, akazisukuma juu ya meza, akauliza, "Ni lini sasa, mwanangu?"

"Karibuni, mama. Mchakato umeiva."

Fundi Ngwale alimfuata nyumbani siku ile kumwambia mbao zimeshapasuliwa. Mama akamjibu kwamba hela imeshakwenda serikalini. Fundi alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni, akavua kofia, akairudisha kichwani. "Pole, mama," alisema. Basi.

Mchakato ulikwenda miezi saba. Mzee Chande alikaa ndani. Mwanzoni, nikipita dirishani nikamsalimia, nilikuwa nasikia namba yake. Baadaye ikawa anaitaja mara moja kwa siku, asubuhi, kwa sauti ndogo. Mwezi wa sita nilimwamkia siku tatu mfululizo asiniitikie. Bi. Zamoyoni alisimama nyuma yake akanitikisia kichwa kwamba nipite tu. Nilikwenda kazini nikakuta kikao cha kuchagua rangi ya utepe, na nakiri kwamba siku hiyo sikukifurahia kama ipasavyo.

*

Siku ya uzinduzi ilifika. Hema la wizara lilisimikwa tangu alfajiri palepale pembeni, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu ndipo palipokuwa na umeme wa kuazima kwa ajili ya feni. Lilikuwa hema la nguvu: nguzo nne za chuma zilizozamishwa ardhini kwa zege, mapau ya chuma juu, na turubai jeupe lenye nembo yetu. Mchicha wote ulilala chini ya viatu vya wapiga picha. Waheshimiwa walikaa ndani ya hema, wake zao wakakaa ndani ya hema, na madereva wao nao, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Mzee Chande akawekwa nje, juani, mbele kabisa.

Nilidhani ni makosa. Nikamwendea ofisa wa itifaki, kijana mwenye kipaza sauti kiunoni, nikamwambia, "Samahani, bosi, huyu mzee ni mgonjwa, tumsogeze kidogo ndani."

"Huyo ndiye mnufaika," alinijibu. "Akiingia kivulini kabla ya uzinduzi, tunazindua nini?"

Hapo roho iliniuma. Sitaki kusema kwamba nilifikiri vibaya juu ya wizara, ila roho iliniuma, na mzee alikuwa ameanza kutiririka jasho kwenye shingo. Bi. Zamoyoni alijitanda khanga moja, ya pili akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mumewe, akasimama hivyo hivyo, mikono juu.

Kijana wa itifaki akamkimbilia. "Mama, shusha khanga. Picha zinaharibika. Halafu kivuli hicho hakijazinduliwa!"

"Hata mimi sijazinduliwa, mwanangu," alisema Bi. Zamoyoni. "Nipishe."

Kijana alitafuta kwenye makaratasi yake kama kuna kifungu kinachohusu khanga. Hakukiona, akampisha.

Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Bwelenge, alihutubia saa moja na dakika arobaini. Alihutubia vizuri. Feni ilikuwa inampuliza tai mpaka ikawa inamgusa sikio.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tulikotoka ni mbali. Siku tunapata uhuru, nchi hii haikuwa na kivuli hata kimoja chenye namba ya usajili! Tulikuwa na vivuli holela. Vivuli vya miti! Asubuhi kiko huku, jioni kimehamia kule, haijulikani kinasimamiwa na nani. Serikali hii haitavumilia kivuli kinachozurura!"

Makofi.

"Nimeambiwa mnufaika wetu yupo. Mnamwona? Mtazameni anavyotoka jasho. Hilo, ndugu zangu, ndilo tatizo lenyewe, na sisi tumekuja kulimaliza. Katika awamu ya pili."

Makofi tena. Hapo Mzee Chande akafumbua mdomo. Sote tulimsikia, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu yake.

"Thelathini na nane," alisema.

"Mzee anaishukuru serikali mara thelathini na nane!" akapiga kelele mshereheshaji. "Jamani, vigelegele!"

"Thelathini na tisa," alisema Mzee Chande.

"Anaongeza moja!"

Waziri akaweka jiwe la msingi, akakata utepe, akanywa maji, akaondoka. Jiwe ni la marumaru, limeandikwa jina lake kwa dhahabu, na liko mpaka leo. Bi. Zamoyoni huanikia juu yake dagaa.

*

Jioni ile ile Bwana Nyagori alikuja kusimamia uondoaji wa vifaa. Turubai likafunguliwa, likakunjwa, likapakiwa kwenye gari lake mwenyewe, kwani binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Nguzo na mapau vikabaki. Katika bajeti kulikuwa na kifungu cha kusimika hema, nilikipiga chapa mwenyewe, lakini kifungu cha kuling'oa hakikuwepo, na wafanyakazi wetu si watu wa kufanya kazi nje ya kifungu.

"Mfaume," alisema Bwana Nyagori akiwa anafunga buti la gari, "andika kwenye daftari la stoo kwamba hema limerudi."

"Lote, mkurugenzi?"

"Kwani umewahi kuona hema limerudi nusu?"

Nikaandika limerudi lote. Kwa hiyo kiserikali zile nguzo nne zilikuwa stoo, zimefungiwa, na ufunguo ninao mimi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kwa Bi. Zamoyoni. Ilimpongeza kwa kushiriki katika awamu ya kwanza, ikamjulisha kwamba fedha zimekwisha, na kwamba kivuli kitaletwa katika awamu ya pili pindi awamu ya pili itakapozinduliwa. Aliisoma amesimama mlangoni mwa jikoni. Kisha aliikunja, akainua macho, akayatazama yale machuma kwa muda mrefu. Akamwita Fundi Ngwale.

"Fundi, hiki ni nini?"

Fundi akazunguka, akagonga nguzo moja kwa nyundo, akasikiliza. "Chuma, mama. Kile nilichokwambia kitakula hela yako yote."

"Kimeshakula. Sasa na kifanye kazi."

Fundi Ngwale alicheka mpaka akashika kiuno. Alipanda juu, akatandaza nyaya kutoka pau hili hadi lile, na alipoulizwa bei akasema atakunywa chai. Bi. Zamoyoni akachukua ile elfu ishirini ya miche, akapanda pasheni miguuni mwa kila nguzo. Mvua zikaja, zikaanza kwa wakati wake bila kuzinduliwa. Hakukuwa na mtu wa kuzipima, zikanyesha kwa raha zao. Pasheni ni mmea usio na adabu, ukiuonyesha pa kushika hauulizi kibali. Kufikia mwezi wa tano ulikuwa umefika juu, wa saba ukaanza kushuka upande wa pili.

Niliyaona yote hayo ng'ambo ya ua wangu, na kila asubuhi kipande cha kivuli kile kilivuka michongoma kikaniangukia mguuni. Sikutoa taarifa. Nilijiambia kwamba nimesaini kukipokea, sikusaini kukiripoti.

*

Lakini nchi yetu haikosi wazalendo. Barua isiyo na jina ikafika wizarani: mtaani kwetu kuna watu wanatumia kivuli kisichozinduliwa. Bwana Nyagori aliniita, akanipa Fomu ya Ukaguzi na kipimajoto kipya.

"Nenda ukaangalie. Kikiwepo, kesho naleta watu waking'oe na mama apigwe faini. Lazima tuwe wakali, Mfaume. Wakishajua kwamba kivuli kinaota chenyewe, sisi tutakula wapi?"

Nilifika saa nne asubuhi. Nje barabarani kipimajoto kilisema thelathini na nne. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikapita jikoni, nikatokea chini ya ile pasheni. Niseme tu ukweli: sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Majani yalikuwa yamefungana juu, maua yananing'inia, na upepo ulikuwa unapita chini yake umepoa. Mzee Chande alikuwa kwenye kiti cha kamba, uso umeelekea njiani. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Muuza maandazi alipita akampungia mkono, naye akapunga wake wa kushoto.

Bi. Zamoyoni aliniona na fomu. Yeye na karatasi ni marafiki wa siku nyingi, alijua ni nini hata kabla sijaifungua. Alinimiminia chai, akaweka kashata kisahanini, akakaa karibu na mumewe, akamshika mkono ule uliolala.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Andika unachokiona, mwanangu. Mimi sitakukasirikia. Ila nikuombe jambo moja. Wakija kung'oa, waje saa ambayo amelala."

Fomu ilikuwa na swali moja tu lenye maana. *Je, kuna kivuli mahali hapa? Ndiyo / Hapana.* Nimefanya kazi wizarani miaka kumi na tisa. Nimeandika kwamba daraja lipo wakati nikiwa ndani ya mtumbwi. Nimeandika kwamba hema limerudi. Sijawahi kuandika uongo hata mmoja bila kuagizwa. Kalamu ilitoka jasho kwenye vidole vyangu.

Mzee Chande alinyoosha mkono wake mzima mbele, kiganja juu, akaushikilia hewani kama alivyokuwa akifanya zamani dirishani. Akafumba macho.

"Ishirini na sita," alisema. Ilikuwa namba yake ya kwanza tangu uzinduzi. Bi. Zamoyoni aliinamisha kichwa akalia kimyakimya, na mimi nikatazama kipimajoto changu cha serikali. Kilisema ishirini na sita.

Nikaandika *Hapana*. Sehemu ya joto nikaandika *26*, kwa kuwa Mzee Chande hajawahi kukosea na sikutaka kumkosesha.

Makao makuu hawakuona tatizo lolote. Bwana Nyagori alinisifu mbele ya wenzangu kwa ukaguzi makini, akaagiza kwamba kwa kuwa eneo lile lina hatari kubwa ya kuota kivuli, likaguliwe kila siku. Sasa ndiyo kazi yangu. Saa nne juu ya alama napiga hodi, nakaa nusu saa, wakati mwingine saa nzima, nikihakikisha kwamba hakipo. Fundi Ngwale naye hupitia, anasema anakagua nyaya.

Jana Mzee Chande aliponiona naingia alisogeza kiti cha pili kwa mkono wake wa kushoto, akaupigapiga mto, akangoja nikae.

"Ishirini na tano," aliniambia.

Kivuli kimezidi kukolea. Nikatoa fomu, nikaandika *Hapana*, nikaomba chai nyingine.